Oili ya haidroliki inavuja kwenye trekta kuukuu: kutafuta chanzo, kubadilisha sili na kuhakikisha haivuji tena

Trekta kuukuu kudondosha oili ni jambo ambalo wengi wameshalizoea. Wanaweka kopo chini, wanaongeza oili kila wiki, maisha yanaendelea. Lakini piga hesabu: tone moja kila sekunde, ukikadiria matone 20 kwa mililita moja, ni karibu lita 1.4 kwa saa nane za kazi, na zaidi ya lita 4 kwa siku nzima. Isitoshe, pale oili inapopata njia ya kutoka, vumbi na maji hupata njia ya kuingia, na vumbi likishafika kwenye pampu, gharama si ya sili (pete inayozuia oili isitoke) tena.

Kabla ya kushika spana, kumbuka kwamba sili haifi bure. Imekatwa na shafti yenye mfereji, imetikiswa na bushi (pete inayoshikilia shafti) iliyolika, imesukumwa na presha kwa sababu tundu la kupumulia limeziba, imekauka kwa joto au imelainishwa na oili isiyo yake. Ukibadilisha sili bila kutafuta kilichoiua, utaifungua tena sehemu ileile kabla msimu haujaisha. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kutazama na kupima. Kufunga kwenyewe ni kazi ya muda mfupi.

Kuiweka trekta salama

Mifumo mingi ya haidroliki ya matrekta ya zamani hufanya kazi kwenye presha ya bar 140 hadi 200. Tundu dogo kwenye hosi hutoa mchirizi mwembamba ambao macho hayauoni vizuri, na bar 7 tu zinaweza kupenya ngozi. Kwa hiyo usipitishe mkono kamwe kutafuta mahali panapovuja, hata ukiwa umevaa glavu. Tumia kipande cha boksi au ubao, vaa miwani, na simama pembeni. Jeraha la oili ya presha hudanganya: kitundu kidogo, maumivu machache mwanzoni, huku ndani nyama inaharibika. Aliyepigwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na daktari aambiwe wazi kwamba oili ya presha imeingia chini ya ngozi.

1. Egesha mahali tambarare, funga breki ya mkono na uweke kabari kwenye magurudumu.
2. Shusha plau au chochote kilichofungwa nyuma mpaka kiguse ardhi. Kisichoweza kushuka kikalishwe juu ya stendi za chuma au magogo imara. Jeki peke yake haitoshi, na mikono ya kunyanyulia haihesabiki kuwa stendi.
3. Zima injini, kisha sukuma leva zote za haidroliki mbele na nyuma mara kadhaa ili presha iliyobaki itoke.
4. Kama trekta imetoka kazini, iache ipoe. Oili yake inaweza kukuunguza.
5. Unapofungua kiungo cha kwanza, kifunike kwa tambara nene, legeza nati robo mzunguko tu na usubiri. Kikitoa oili kwa nguvu, presha bado imo.

Usikaze kiungo huku injini inanguruma. Nati iliyochoka ikikatika wakati huo, hakuna muda wa kuondoa uso.

Jua ni oili ipi inayotoka

Chovya kidole kwenye oili iliyodondoka chini (iliyodondoka, si inayoruka) na uipake kwenye karatasi nyeupe. Nyeusi ni ya injini. Nzito yenye harufu kali ya kiberiti ni ya gia. Yenye rangi ya asali, nyepesi kidogo, huenda ni ya haidroliki. Iliyogeuka nyeupe kama maziwa imeingiliwa na maji, na hapo una kazi mbili: kuziba panapovuja, na kumwaga oili yote.

Lakini angalia trekta yako imeundwaje. Kwenye matrekta kama Massey Ferguson 35 na 135, pampu ya haidroliki imo ndani ya nyumba ya nyuma (boksi la chuma lenye difu), na oili yake ni ileile inayolainisha gia na difu. Kwa trekta ya namna hiyo, oili inayotoka kwenye shafti ya PTO (ile ya nyuma inayoendesha mashine zinazofungwa kwenye trekta), kwenye ekseli za magurudumu ya nyuma au mbele ya gia boksi yote ni oili ya haidroliki, hata kama sehemu hiyo haina presha. Kwenye matrekta mengine pampu imefungwa kwenye injini na ina tangi lake au inavuta kutoka nyuma kwa paipu ndefu. Hapo orodha ya washukiwa ni tofauti.

Kuna tundu moja linalowachanganya watu wengi: lile la chini ya nyumba ya klachi, ambalo mara nyingi lina kotapini inayoning'inia ndani yake ili lisizibwe na tope. Oili ikidondoka hapo, imetoka ama kwenye sili ya nyuma ya injini ama kwenye sili ya mbele ya gia boksi. Rangi ndiyo inayoamua. Usije ukaziba tundu hilo ukidhani umetibu ugonjwa. Oili itapanda na kulowesha klachi.

Osha kwanza, kisha saka

Trekta iliyovaa miaka kumi ya oili na vumbi haiwezi kusomeka. Kwangua tabaka nene kwa kijiti cha mbao, paka sabuni ya kuondolea grisi au dizeli kidogo, piga brashi, suuza, ukaushe. Ukitumia mashine ya maji ya nguvu, usielekeze maji kwenye sili, tundu la kupumulia au mdomo wa kujazia.

Ikishakauka, nyunyiza unga wa chokaa au poda nyeupe kwenye sehemu unazoshuku. Washa injini, ikae kwenye mzunguko mdogo dakika tano, kisha nyanyua na kushusha mzigo mara kumi hivi. Zima, shusha mzigo, chukua tochi utazame. Poda hubadilika rangi pale oili inapoanzia. Kanuni ni kutafuta sehemu iliyolowa iliyo juu kuliko zote, na iliyo mbele kuliko zote, kwa sababu oili hutiririka kwenda chini, na feni na mwendo vinaipuliza kwenda nyuma. Tone linaloanguka kutoka kwenye bolti ya chini ya nyumba ya nyuma linaweza kuwa limeanzia kwenye leva zilizo karibu na kiti.

Angalia pia ni wakati gani inavuja. Inayotoka mzigo ukinyanyuliwa tu iko upande wa presha: hosi, viungo, silinda, valvu. Inayotoka muda wote injini ikiwaka inaweza kuwa paipu ya kurudisha oili au sili ya pampu. Inayodondoka trekta ikiwa imezimwa usiku kucha iko chini ya usawa wa oili: sili za ekseli, PTO, plagi ya kumwagia, gasketi. Na inayotoka tu baada ya kuongeza oili huenda si kasoro hata kidogo. Umejaza kupita alama.

Kabla ya kwenda mbele, tafuta tundu la kupumulia la nyumba ya nyuma au la tangi. Mara nyingi ni kifuniko kidogo chenye wavu juu ya nyumba au kwenye mdomo wa kujazia. Lichomoe, lioshe kwa petroli au dizeli mahali penye hewa mbali na moto, lipulize. Likiziba, oili inapopata joto hewa ya ndani hukosa pa kutokea na hutafuta sili dhaifu kuliko zote. Kuna trekta zilizobadilishwa sili ya PTO mara mbili na tatu wakati tatizo lilikuwa tope kwenye tundu hili.

Hosi na viungo vyake

Hapa ndipo uvujaji mwingi hutokea, na hapa ndipo ubishi wa mafundi ni mwingi. Tuanze na hosi yenyewe. Kunja kidogo kwa mkono ikiwa haina presha: mpira wa nje ukionyesha nyufa, ukiona nyaya, au malengelenge karibu na kichwa cha chuma, hosi imekwisha. Usiifunge kwa mpira wa baiskeli, tepu wala klipu. Kipande cha mpira hakiwezi kuzuia bar 150, ila kinaweza kuuficha mchirizi mpaka utakapompata mtu. Klipu inafaa kwenye paipu za kuvuta na kurudisha oili tu, ambazo presha yake ni ndogo.

Soma maandishi yaliyo kwenye ubavu wa hosi ya zamani kabla ya kuagiza. 1SN au R1AT ina tabaka moja la nyaya. 2SN au R2AT ina mawili. Kwa kipenyo cha ndani cha nusu inchi, 1SN hubeba bar 160 na 2SN hubeba bar 275. Kwa inchi 3/8 ni bar 180 na 330. Tofauti ya bei ni ndogo kuliko tofauti ya maisha yake, kwa hiyo kwa upande wa presha chukua 2SN. Mwezi na mwaka wa kutengenezwa navyo huandikwa; hosi iliyokaa miaka mingi dukani ikipigwa na jua si mpya.

Urefu una hesabu yake. Hosi ikipata presha hubadilika urefu, inaweza kufupika hadi asilimia 4 au kurefuka hadi 2, kwa hiyo isivutike ikiwa imefungwa. Ya nusu inchi aina ya 2SN isikunjwe kwa nusu kipenyo kilicho chini ya milimita 180, na isianze kukunjwa palepale inapotokea kwenye kichwa cha chuma. Wakati wa kufunga, tazama mstari wa maandishi: ukizunguka hosi, umeisokota, na itakatika karibu na kichwa. Shika kichwa kwa spana ya pili unapokaza nati. Spana mbili kwenye kila kiungo ni kanuni, si hiari.

Sasa thredi. Trekta ya zamani iliyopita mikononi mwa watu wengi inaweza kuwa na thredi za aina tatu kwenye mfumo mmoja, na nyingine huingiliana nusunusu. BSP ya Uingereza na NPT ya Marekani za nusu inchi zote zina thredi 14 kwa inchi, kwa hiyo huanza kuingia vizuri; lakini pembe ya thredi ya kwanza ni nyuzi 55 na ya pili 60, na hazizibi kamwe. Kwa robo inchi na 3/8 BSP ina thredi 19 na NPT 18, kwa hiyo hukwama baada ya mizunguko michache. Kiungo kikihitaji nguvu nyingi kuingia kabla hakijakaa, kitoe, kipime kwa geji ya thredi. Kuongeza nguvu ni kuua nyumba ya pampu.

Tepu nyeupe ya thredi inatumika tu kwenye thredi ambazo kipenyo chake hupungua kuelekea ncha, na thredi mbili za mwanzo ziachwe wazi. Viungo vinavyoziba kwa koni, kama JIC ya nyuzi 37 au BSP yenye koni ya nyuzi 60, na vile vyenye oringi (pete ya mpira), havihitaji tepu hata kidogo. Thredi zao ni za kushikilia tu. Kinachoziba ni koni au mpira. Tepu hapo huzuia koni kukaa, na vipande vyake hukimbilia kwenye valvu.

Kiungo cha koni kinachovuja kifungue, kifute, ukipitishie tochi. Mkwaruzo unaokatiza koni kwa urefu ndio unaopitisha oili. Duara jembamba linalozunguka koni ni alama ya kawaida ya kukaliwa. Kikiwa safi, kaza kwa vidole mpaka kikae, kisha kwa spana zungusha upande mmoja hadi miwili ya nati ya pande sita. Kikiendelea kuvuja baada ya hapo, kukikaza zaidi kutapasua nati, badilisha kiungo.

Paipu ya chuma iliyotoboka kwa kutu au kwa kusuguana na bodi haichomelewi ikiwa ndani ina oili. Itoe, itengenezewe mpya yenye unene uleule wa ukuta, na uweke kishikio chenye mpira pale ilipokuwa inasugua.

Washa na oringi

Bolti zenye tundu ndani, zinazopitisha oili kutoka kwenye paipu, huziba kwa washa mbili, moja kila upande wa jicho la paipu. Washa za shaba zilizotumika huwa ngumu. Mpya ni bora, lakini ukikwama, ipashe moto mpaka iwe nyekundu iliyofifia, iache ipoe au uizamishe majini, kisha isugue kwenye msasa laini uliolazwa juu ya kioo mpaka iwe bapa. Washa ya chuma yenye ukingo wa mpira ndani hairudiwi, ukiifungua, tupa.

Kwa oringi, wengi hupeleka ya zamani dukani na kutafuta inayofanana. Ya zamani imeshabanwa ikawa bapa, au imevimba, kwa hiyo inadanganya. Pima mtaro wake kwa kalipa. Oringi za inchi zina unene wa milimita 1.78, 2.62, 3.53, 5.33 na 6.99, za metriki huwa na namba kamili au nusu. Kwa mtaro uliochongwa kwenye uso bapa, kina kiwe kidogo kuliko unene wa oringi kwa asilimia 15 hadi 25. Mfano: kina cha 2.9 kinaitaka oringi ya 3.53, ambayo itabanwa kwa karibu asilimia 18. Upana wa mtaro lazima uzidi unene wa oringi kwa karibu theluthi moja, kwa sababu mpira ukibanwa juu na chini unahitaji mahali pa kutanuka pembeni. Ukiweka oringi nene kupita kiasi ukidhani itaziba zaidi, itakatwa na kingo siku ya kwanza.

Mpira wa naitrili, ule mweusi wa kawaida, unafaa kwa oili za madini hadi takriban nyuzi 100 za Selsiasi. Karibu na sehemu zenye joto kali tumia Viton, mpira unaostahimili joto zaidi. Oringi za mfumo wa breki za mafuta ya breki hazifai hapa: oili ya madini huzivimbisha. Na kinyume chake, mafuta ya breki yasiongezwe kamwe kwenye haidroliki.

Ukikuta mtaro una oringi pamoja na pete ngumu nyembamba, zirudishe zote mbili. Ile pete ngumu hukaa upande ambao presha haitokei, ili kuzuia mpira usisukumwe kwenye uwazi. Paka oringi oili ileile ya mfumo, usiivute ikavuka thredi kali zilizo wazi, na usiiviringishe. Iliyojisokota huvuja kwa mstari wa mzunguko ambao hautauona.

Sili za shafti: PTO, shafti ya mikono ya kunyanyulia, ekseli

Shika mkono wa kunyanyulia, uinue na kuushusha kwa nguvu ukiangalia pale shafti inapotokea. Ukiona shafti inacheza, bushi imelika, na sili mpya itadumu muda mfupi tu. Badilisha bushi na sili pamoja. Kabla ya kuvuta mikono, piga alama za patasi au rangi kwenye mkono na kwenye shafti, maana ukikosea jino moja mikono haitalingana.

Kwa sili ya ekseli kuna la zaidi. Kwenye matrekta yenye breki kavu za nyuma, kama 135, oili ikipita sili hiyo huingia kwenye breki. Trekta inayovuta upande mmoja ikifungwa breki, huku ukiona unyevu nyuma ya gurudumu, usiitumie mpaka itengenezwe. Viatu vya breki vilivyolowa oili vibadilishwe. Kuvichoma moto au kuviosha kwa petroli hakurudishi msuguano wake.

Hatua za kubadilisha sili ni hizi:

1. Shusha oili mpaka chini ya usawa wa sili. Andika namba zilizo kwenye sili: 35 × 52 × 7, kwa mfano, ni shafti, tundu, upana, zote kwa milimita. Pima pia imeingia kina gani.
2. Toboa vitundu viwili vya milimita 3 kwenye uso wa chuma wa sili, mkabala. Paka ncha ya drili grisi ili chembe za chuma zinate, na usizamishe zaidi ya bati. Funga skrubu mbili, zivute kwa koleo kwa zamu.
3. Futa shafti, pitisha ukucha mahali mdomo wa sili ulipokuwa. Ukucha ukikwama, kuna mfereji. Mfereji mdogo unakwepeka kwa kuiketisha sili mpya milimita 2 au 3 ndani au nje ya ilipokuwa ya zamani, kama nafasi ipo na haizibi njia ya oili. Mkubwa unahitaji kuvishwa shafti ganda jembamba la chuma linalouzwa kwa kazi hiyo, au shafti ichongwe upya.
4. Kutu nyepesi ing'arishe kwa msasa namba 400 hadi 600 wenye oili, ukizungusha kuifuata duara. Ukisugua kwa urefu unachora mifereji ya kupitishia oili.
5. Funika meno ya shafti kwa tepu laini au kipande cha plastiki cha chupa. Meno hayo ndiyo yanayokata midomo ya sili nyingi kabla hata injini haijawashwa.
6. Paka mdomo oili, na kama sili ina midomo miwili weka grisi katikati yake. Upande wenye springi unatazama oili. Mdomo mdogo wa vumbi unatazama nje.
7. Igonge kwa kipande cha bomba chenye kipenyo kidogo tu chini ya cha sili, kidogokidogo kuzunguka. Ikiingia kombo, itoe uanze na nyingine. Kama tundu lina mikwaruzo, tandaza silikoni nyembamba kwenye ukuta wa tundu, si kwenye mdomo.

Kuhusu silikoni kwa ujumla: kwenye gasketi ya kifuniko cha juu au cha pembeni, mstari wa milimita 2 unatosha, upite upande wa ndani wa matundu ya bolti. Inayominyika kuingia ndani hukatika na kwenda kuziba chujio la pampu. Pale kiwanda kilipoweka gasketi ya karatasi, rudisha ya karatasi yenye unene uleule, maana mara nyingine unene huo ndio unaopanga nafasi ya vitu vilivyomo ndani.

Silinda za nje

Silinda ikilowa rodini, ivute rodi yote nje uifute. Vidoa vya kutu au mkwaruzo kwenye kromu ndivyo vinavyokata sili. Vidogo vinasuguliwa kwa jiwe laini la oili mpaka visishike ukucha; kromu iliyobanduka haitibiki kwa msasa, rodi ibadilishwe au ipakwe kromu upya. Ilaze rodi juu ya meza bapa uiviringishe: ikionyesha mwanga unaopanuka na kupungua chini yake, imepinda.

Unapofungua, piga picha kila sili ilivyokaa. Sili yenye umbo la U hukaa mdomo uliofunguka ukielekea presha. Sili ngumu za plastiki zitumbukize kwenye maji ya moto, karibu nyuzi 80, dakika chache, kisha zikunje kwa vidole ziingie kwenye mtaro. Usitumie bisibisi.

Pampu, na oili inayohama bila kuonekana

Pampu iliyofungwa kwenye injini ina sili ya shafti ambayo, ikifa, haidondoshi chochote nje. Oili ya haidroliki hupungua huku ya injini ikipanda kwenye kijiti cha kupimia. Ukiona hivyo, usiendelee na kazi: oili ya injini iliyochanganyika haimudu tena kazi yake. Badilisha sili, kisha oili ya injini na filta yake. Sili hiyo ikitoka mara ya pili, chunguza bushi za pampu na uone kama kuna kizuizi kwenye paipu. Sili yenyewe haina kosa.

Upande wa kuvuta huvuja kinyume: injini ikiwaka unaingiza hewa badala ya kutoa oili. Dalili ni povu, mlio wa kukoroma kwenye pampu, na mikono inayopanda kwa kushtuka. Injini ikiwa kwenye mzunguko mdogo, paka grisi nzito kwenye kila kiungo cha paipu ya kuvuta, kimoja baada ya kingine. Mlio ukibadilika, umekipata.

Na ikiwa mzigo unashuka wenyewe injini ikizimwa lakini hakuna tone nje, uvujaji uko ndani: pistoni ya lifti, valvu au viungo vya ndani. Kwa silinda ya nje ya njia mbili, itanue mpaka mwisho, zima, toa presha, kisha toa hosi ya upande wa rodi na kuiziba kwa plagi ya chuma. Weka ndoo chini ya tundu lililo wazi, washa, sukuma leva upande wa kutanua tu. Oili ikiendelea kutoka kwenye tundu hilo, sili ya pistoni imepitwa. Ukikosea leva hapa, presha yote inaenda kwenye plagi, kwa hiyo mtu mmoja ndiye aiguse.

Dawa za chupa za kuzuia kuvuja hufanya kazi kwa kuvimbisha mpira. Zinaweza kukuvusha msimu kwa sili iliyokauka tu. Haziwezi kitu kwa shafti yenye mfereji, na sili iliyovimbishwa hulainika mapema.

Kujaza na kujaribu

Fuata kitabu cha trekta yako. Kwa ujumla, mfumo unaoshirikiana na gia na breki za ndani ya oili hutumia oili ya UTTO, yaani oili moja ya gia, haidroliki na breki hizo. Tangi la haidroliki linalojitegemea mara nyingi hutumia oili ya haidroliki ya uzito wa ISO 46 au 68. Oili ya gia yenye harufu kali ya kiberiti isiwekwe kwenye mfumo wenye pampu ndani bila kitabu kuruhusu. Badilisha filta au osha chujio, na uchuje oili unayomimina kwa kitambaa kisichotoa nyuzi.

Jaza hadi alama mikono ikiwa chini kabisa. Washa, acha mzunguko mdogo dakika mbili bila kugusa leva, kisha nyanyua na kushusha bila mzigo mara nane hadi kumi. Zima, subiri povu litulie, pima tena, ongeza. Nyunyiza poda palepale ulipofanya kazi, funga mzigo, fanya kazi nusu saa, kisha utazame kwa tochi na boksi. Kaza tena bolti za vifuniko injini ikiwa imepoa baada ya saa kumi za kazi, kwa msalaba. Viungo vya koni viache kama havijalowa. Oili uliyomwaga ihifadhi kwenye dumu lenye kifuniko upeleke kwa wanaokusanya oili chafu, na vumbi la mbao ulilomwaga sakafuni kunyonya oili liwekwe mbali na moto.